Chembe Zisizotaka Jua

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Nimeitundika sebuleni hapa mtaani Kaloleni, Voi, na inakwenda vizuri. Anayeitazama ni mke wangu. Mlisema pia niwaandikie habari za miaka yangu kwenye minara ya resini, kwa kuwa wengi wenu mmeikuta imesimama na mnadhani iliota yenyewe. Basi naandika. Vyeo nitaviruka, na mishahara vilevile, maana vyote vilikuja kwa kuchelewa na havikunifundisha kitu.

Kazi sikuianzia kwenye asidi, niliianzia kwenye maji. Miaka ya sitini, nilipotoka shule kule milimani, nilipata kibarua katika stesheni ya Voi, kwenye kibanda cha kulainisha maji ya injini za mvuke. Maji yetu mnayajua: chemshia sufuria moja kwa muda na ndani itajenga ukuta wa chokaa. Injini ikiyanywa hivyohivyo, mabomba yake huziba magamba na siku moja hukataa kupanda mlima. Kwa hiyo yalipitishwa kwanza kwenye tangi lililojaa chembe ndogo za kahawia, ambazo kwa mbali ungesema ni punje za wimbi la uji. Chembe hizo ndizo resini. Ziliikamata chokaa iliyomo majini na kuachia chumvi kidogo badala yake. Ziliposhiba, tulizipitishia maji yenye chumvi nyingi, zikaitema chokaa yote, na kazi ikaanza upya.

Mkubwa wa kibanda kile alikuwa Fundi Bakari Lenjo, mtu wa Taveta kutoka upande wa Salaita, mrefu, mkimya, kofia yake iliyoshonwa kwa mkono haikosi kichwani hata kwenye joto la Voi. Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa shati jeupe, kalamu mfukoni, nikitarajia meza. Fundi alinitazama, akasogeza ndoo kwa mguu.

"Tia mkono humo."

Nikatia mpaka kwenye kiwiko. Shati likaisha hapo.

"Wahisi nini?"

"Baridi, Fundi."

"Na nini tena?"

"Zimelowa."

"Haya. Hilo ulishike. Hizi hazikauki hata siku moja, ama zimekufa. Mengine nitakufundisha taratibu."

Hilo ndilo somo langu la kwanza kazini, na kwa kweli ni robo tatu ya yote niliyojifunza baadaye.

Injini za dizeli zilipozidi, kibanda chetu kilianza kukosa kazi. Dizeli hainywi maji kama mvuke. Nilikuwa nimeanza kufikiria kurudi milimani kulima kabichi, wakati kiwanda cha asidi kilipofunguliwa kando ya reli, nje kidogo ya mji. Walitafuta mtu anayejua resini, na mtu huyo katika wilaya nzima alikuwa mmoja tu. Fundi Lenjo alikubali, akaweka sharti kwamba nami niende. Hakuniuliza. Nilijua nilipoona amefunga zana zangu pamoja na zake.

Kwa nyinyi mliozoea mashine ya leo, nieleze tulivyofanya kazi. Molasi ilikuja kwa mabehewa kutoka ng'ambo ya Taveta, na mpaka wa Tanzania ulipofungwa ikawa inatoka magharibi, ikichelewa kila mara. Tuliichanganya na maji ya moto, tukaitia vijidudu vya jamii ile inayochachusha maziwa, tukaiacha ichache kwenye matangi yenye joto. Vijidudu hula sukari na kutoa asidi, lakini asidi ikizidi huviua vyenyewe, kwa hiyo tulivitilia unga wa chokaa wa kuipoza. Mwishoni tulikuwa na supu ya kahawia ambayo ndani yake asidi na chokaa vimeshikana. Kazi ya minara, matangi marefu yaliyojaa resini, ilikuwa kuwaachanisha hao wawili. Supu iliyochujwa iliingia juu ya mnara wa kwanza, resini ikaikamata chokaa, na chini ikatoka asidi. Mnara wa pili uliondoa chumvichumvi zilizobaki, kisha makaa yakaondoa rangi. Tulipoichemsha ikapungua maji, tulipata kioevu kizito kidogo kisicho na rangi, cha kuoshea ngozi viwandani na cha kutia uchachu kwenye peremende. Mtoto wa Mombasa aliyelamba peremende ya ndimu miaka ile huenda alilamba jasho la Voi, wala hakujua.

Sisi hatukuwa peke yetu kuipenda molasi. Ndovu walivunja ua wetu mara mbili kwa kuifuata harufu. Mlinzi alipoulizwa kwa nini hakuwazuia, alisema kwamba hakuona mahali pa kuwashikia.

Juu ya mnara wa kwanza palikuwa na jukwaa la chuma, na hapo ndipo nilipoishi. Asubuhi, kabla chuma hakijapata moto, ningeuona mlima Sagala wote, treni ya Mombasa ikiingia, na vumbi jekundu likiinuka nyuma ya lori. Vumbi hilo lilikuwa adui. Liliingia kila penye mwanya, na ndiyo maana mpaka leo nawapigia kelele mfunike matangi. Lakini siwezi kuwadanganya, nalikumbuka jukwaa lile kuliko nyumba niliyozaliwa. Mwezi wa sita, asubuhi za baridi, supu ya chokaa ilitaka kuganda mabombani, na Fundi alituagiza tuvishe mabomba magunia. Tulicheka. Kisha tukayavisha, na hayakuganda.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, lakini nitataja mbili, kwa kuwa ya kwanza ndiyo iliyoleta ya pili.

Mnara wa kwanza ukishiba chokaa, huamshwa kwa asidi ya chumvi. Kuna mtu wa zamu mmoja, jina lake nitamwachia, ambaye asidi hiyo ilipomwishia alichukua ile ya betri, akisema asidi ni asidi. Sasa chokaa ikikutana na asidi ya betri hugeuka plasta, ile wanayomfungia mtu aliyevunjika mguu. Mnara mzima ukawa mguu uliovunjika. Fundi Lenjo alipanda, akachungulia, akashuka. Hakupiga kelele. Alimpa yule bwana tindo na nyundo, akamwonyesha mlango wa kuingilia ndani ya mnara. Tulichimba tukapokezana, na resini yote ya mnara ule ikawa haifai tena.

Resini mpya iliagizwa ng'ambo. Tuliingoja miezi, kiwanda kikienda kwa mnara mdogo wa akiba, nusu ya watu wakiwa wamerudishwa nyumbani. Meneja, mtu wa Nairobi, si mbaya ila mwepesi wa kukasirika, alitukusanya akasema waziwazi kwamba nyingine haitanunuliwa. Hii ikifika na kufanya kazi, watu watarudi. Isipofanya, kila mtu ajitafutie.

Mapipa yalifika kwa treni kutoka Mombasa wiki ambayo Fundi Lenjo alikuwa amekwenda kwao Taveta kwa msiba. Mimi nilikuwa ndani ya mnara naukagua ungo wa chini. Stoo alikuwepo Wakesho.

Wakesho alikuwa mfagiaji, mwanamke wa kijiji cha Mraru, kijana bado lakini mjane, mwenye watoto wawili na mama mgonjwa nyumbani, na wote wanne walikula kwa ufagio ule. Alikuwa mtu wa kazi kupita kiasi. Ukiacha kikombe juu ya meza ukageuka, umekikosa, kimeshaoshwa. Pipa moja lilifika kifuniko kimelegea. Akachungulia ndani, akaona wimbi, na wimbi limelowa chepechepe. Akafungua la pili. Nalo limelowa. Yote yamelowa. Maandishi ya kwenye mapipa yalikuwa ya lugha ya huko yalikotoka, hata mimi nisingeyasoma. Kwa mtu aliyekulia shambani maana ilikuwa wazi: mali ya kampuni imenyeshewa bandarini, na isipoanikwa leo, kesho itaota ukungu.

Kwa hiyo akaianika. Alikwenda mpaka Kaloleni kuazima mikeka, akatandika na turubai la lori, akazimwaga chembe zote uani kwenye jua la Voi, ambalo halijawahi kumhurumia mtu. Alizigeuza kwa miguu kama mahindi. Zilipokauka akaanza kuzipepeta kwa ungo, na zile nyepesi zikaenda na upepo kuelekea relini. Kuku wa mlinzi walikuja, wakadonoa mara moja, wakaondoka. Hapo kidogo ashtuke, alituambia baadaye, lakini alidhani kuku wale wameshiba molasi.

Nilitoka mnarani wakati wa chakula, nikamkuta amesimama katikati ya mikeka, jasho linamtoka, anatabasamu.

"Karibu uone, Mwadime. Huko Mombasa wameziacha zikanyeshewa zote. Lakini usijali, nimeziokoa."

"Wakesho, umefanya nini?"

"Nimeanika. Si zingeota ukungu?"

"Hizi hazioti ukungu!"

"Kila kitu kilicholowa kwa pipa huota ukungu," akanijibu, "isipokuwa labda huko kwenu."

Nilikimbilia mpira wa maji. Akili yangu iliniambia kwamba kilichokauka hurudishiwa maji, basi. Nilikuwa nimeshafungua bomba niliposikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikipanda juu.

"Acha huo mpira! Usitie maji!"

Fundi Lenjo alikuwa amesimama langoni, mkoba wa safari mkononi, ndiyo kwanza ameshuka kwenye basi. Aliuweka chini mkoba, akatuomba glasi ya maji. Akachota chembe kavu kwa vidole, akazidondosha ndani, akatunyooshea.

"Sikilizeni."

Tukainamisha masikio. Ndani ya glasi mlikuwa na sauti ndogo, tatata, kama mafuta yanapokutana na kitunguu. Tulipoitazama kwenye mwanga, nyingi zilikuwa zimepasuka vipande.

"Ikikauka hujikunja," akasema. "Ukiipa maji matupu hunywa kwa pupa, ikapasuka. Mwenye njaa ya siku nyingi humpi sahani ya pilau."

Wakesho alielewa kabla yangu. Alikaa juu ya pipa tupu, akajifunika uso kwa leso, akalia bila sauti. Alikuwa ameshajua atakalosema Meneja.

Na Meneja alilisema. Alikuja uani, akaona mikeka, akauliza nani, akaambiwa. "Huyu mama aende nyumbani. Leo. Asirudi."

"Bwana Meneja," Fundi Lenjo akasema, kofia mkononi, jambo ambalo sijaliona tena, "naomba nikuulize. Ni nani aliyemwambia kwamba chembe hizi ni za kukaa majini?"

Meneja aligeuka kuitazama mikeka. Fundi akaendelea.

"Mimi sikumwambia. Kila kijana wa minara nilimtia mkono ndooni siku ya kwanza. Yeye sikumtia, kwa kuwa nilidhani kazi yake ni ufagio na haya hayamhusu. Naye akaona mali ya kiwanda inaharibika, akaiokoa kwa alivyofundishwa kwao. Usimfukuze kabla sijajaribu."

"Na zikiwa zimekufa?"

"Tutaondoka wawili. Mimi na yeye."

Nilitaka kusema watatu. Sikusema, nilikuwa na mtoto mchanga. Meneja alitutazama, akatazama jua, akasema tujaribu.

Dawa ilikuwa ileile ya kibanda cha stesheni: chumvi. Resini kavu ukiitia kwenye maji ya chumvi nyingi mno, haiwezi kuyanywa haraka. Hunywa kidogokidogo, na wewe unaipunguza chumvi kidogokidogo, mpaka mwisho inakaa kwenye maji matamu na haijui ilifikaje. Lakini chumvi ya kujaza mapipa yale tungeipata wapi siku ileile? Ng'ambo ya reli palikuwa na banda la ngozi, walikozihifadhi kwa chumvi ya mawe. Mwenye banda alitugawia magunia, yakiwa na manyoya na mambo mengine ambayo sitayataja kabla ya chakula. Tuliyeyusha, tukachuja kwa leso ya Wakesho, ileile aliyolilia.

"Pipa usilijaze," Fundi alimwambia. "Nusu tu. Zikinywa hufura, zitalipasua." Akampa ubao mrefu. "Ukoroge kama uji wa mgonjwa. Usisonge kama ugali."

Wakesho alikoroga. Siku zote zile hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuugusa ubao, si kwa amri ya Fundi, kwa amri yake yeye. Kila asubuhi tulipunguza maji ya chumvi, tukaongeza matamu kidogo, naye akainamisha sikio kwenye kila pipa. Siku ya kwanza alisema zinalia kidogo. Baadaye akasema zinanung'unika. Kisha asubuhi moja akainuka, akatutazama, akasema, "Zimenyamaza."

Tulizipandisha mnarani kwa ndoo. Tukazisukumia maji kutoka chini kwenda juu, vipande vilivyopasuka vikaelea na kumwagika nje. Havikuwa vichache, vilitanda kwenye mfereji kama makapi, na Meneja alisimama akivitazama. Tukauamsha mnara kwa asidi ya chumvi, ile halali, tukausuuza. Halafu supu ikafunguliwa.

Jaribio mnalijua. Chota kinachotoka chini kwenye glasi, dondoshea tone la dawa ya kupimia chokaa. Ikigeuka kama maziwa, chokaa imepita na mnara haukamati kitu. Ikibaki wazi, mnara uko hai. Fundi Lenjo alichota, lakini tone lake lilikosa glasi, likaanguka sakafuni. Akampa Wakesho ile glasi na kidondoshi cha dawa.

"Shika wewe, binti yangu. Macho yangu leo siyaamini."

Alidondosha. Akaiinua glasi kuelekea dirishani, na sisi sote, Meneja pamoja naye, tukainua nyuso tukaitazama. Ilibaki wazi. Nyuma yake niliuona mlima Sagala mdogo, umepinduka juu chini ndani ya maji.

Sijui nani alianza kupiga kelele. Nadhani ni mimi.

Sitawaficha, mnara ule ulishiba mapema kuliko ilivyopasa, na kwa miaka yote ile uliamshwa mara nyingi kuliko mwenzake. Lakini ulifanya kazi, na watu wakarudi. Meneja alimwendea Wakesho, akakohoa kama wafanyavyo watu wakubwa, akasema, "Mama, rudi kazini."

"Kazi gani, Bwana Meneja? Ufagio ama ubao?"

Meneja akamtazama Fundi.

"Ubao," Fundi akasema.

Hivyo ndivyo Wakesho alivyoingia kwenye minara, na wengi wenu mmefundishwa naye. Mnamjua alivyokuwa mkali. Mnakumbuka siku yenu ya kwanza alivyowaita mmoja mmoja, akatoa kikopo cha chembe kavu, akadondosha chache kwenye glasi ya maji na kuwaambia, "Sikiliza." Mlisikia zikipasuka, mkadhani ni desturi iliyoletwa na wazungu pamoja na mitambo. Kikopo kile yeye mwenyewe alikijaza jioni ya siku ile, kutoka mkeka wa mwisho, kabla mapipa hayajatiwa chumvi. Wafagiaji ndio aliowaita kwanza kuliko wote. Hakuwahi kumwambia mtu ni nani aliyezianika, nasi tuliojua tulinyamaza, kwa kuwa halikuwa letu la kusema.

Fundi Lenjo alistaafu akarudi Salaita kwenye migomba yake, na huko ndiko tulikomzika. Nilimlilia kuliko nilivyotarajia. Mpaka sasa nikishika kitu kilicholowa huisikia sauti yake ikiniuliza nahisi nini tena.

Wiki iliyopita nilipanda basi mpaka Mraru kumsalimia Wakesho, kwa maana naye amestaafu na miguu inamsumbua. Nilimwambia mmeniomba niandike, na kwamba siwezi kuandika habari za minara nikaruka ile ya mikeka.

"Andika," akasema. "Nimechoka kuificha. Lakini uandike pia kwamba zilikuwa zimelowa kweli."

Kisha akainuka, akaingia ndani, akarudi na chupa ya dawa ya kikohozi. Ndani mlikuwa na chembe za kahawia, nzima, zimelala kwenye maji safi. Aliporudisha mikeka ya watu Kaloleni, alisema, kila alipoukung'uta mmoja zilitoka nyingine zilizonasa kwenye ukindu. Aliziokota, akazinywesha chumvi pole pole nyumbani kwake kama Fundi alivyomwonyesha, na tangu wakati ule amekuwa akiziongezea maji kila Jumapili baada ya kanisa. Niliigeuza chupa kwenye mwanga. Hakuna hata moja iliyopasuka.

Akakikaza kifuniko, akanitia chupa mkononi.

"Mimi naanza kusahau Jumapili," akasema. "Chukua wewe. Na usizianike."